MGB jijini Dar es Salaam: mwongozo kamili wa kulitunza na kulitengeneza

MGB, gari dogo la spoti, lilianza kutengenezwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1962 na uzalishaji ukakoma mwaka 1980. Hata lile la mwisho kutoka kiwandani lina zaidi ya miaka 40. Umri huo usikutishe. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 ni chuma cha kusubu, bloku na silinda hedi, haina kompyuta wala sensa, na karibu kila kinachohitaji kurekebishwa unakifikia ukiwa umesimama tu mbele ya boneti. Usukani wa yale yaliyouzwa Uingereza uko kulia, kama wetu.

Kinachoyamaliza magari haya hapa Dar ni chumvi ya bahari na joto la foleni, halafu kuna tabia moja ya gereji zetu: gari likimisi kidogo tu, kitu cha kwanza kufunguliwa ni kabureta. Kabureta ndiyo iwe ya mwisho. Ukifuata mpangilio wa mwongozo huu, mara nyingi hutafika hata kwenye kabureta, kwa sababu tatizo utakuwa umelikuta njiani.

Spana, kitabu na fundi

Nati na bolti za MGB ni za inchi, si za milimita. Hili ndilo jambo la kwanza kumweleza yeyote atakayeligusa. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana namba 13 inakishika kwa kulegea, na baada ya mara tatu au nne kichwa kinakuwa mviringo. Cha inchi 9/16 ni milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inateleza. Nunua seti ya spana na soketi za inchi, hasa 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4. Ukitumia hizo nne utafanya sehemu kubwa ya kazi zote.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye bolti yenyewe. Bolti ya milimita 8 unayoipata duka lolote la Kariakoo ina unene unaokaribiana sana na bolti ya inchi 5/16 ya MGB. Inaingia mizunguko miwili, halafu inakuwa ngumu, fundi anaongeza nguvu, uzi unakatika. Nyuzi za 5/16 zimesongamana, ziko 24 kwa kila inchi, wakati za ile ya milimita 8 zimeachana kwa milimita 1.25. Bolti isipoingia kwa vidole, itoe.

Tafuta kitabu cha ufundi cha gari lako, kiwe cha karatasi au kwenye simu, na kiendane na mwaka wake. Kisha anzisha daftari. Kila ukipima kitu andika tarehe, kilometa na kipimo. Utaona kwenye habari ya valvu kwa nini nasisitiza.

Kuhusu fundi: usiangalie ukubwa wa gereji. Muulize kama amewahi kufanya kazi na Land Rover za zamani. Disbuta (vigawa moto wa plagi) za Lucas 25D4 na 45D4 zilizofungwa kwenye MGB zilifungwa pia kwenye Land Rover, na mtu aliyewahi kusafisha pointi (vipande vya ndani ya disbuta vinavyokata na kuunga umeme) na kupiga grisi kwenye nipo (vichwa vidogo vya kuingizia grisi) ana macho ya kazi hii. Kijana hodari wa Toyota za kisasa anaweza kujifunza, lakini ajifunze ukiwa umesimama hapo, kitabu kiko wazi.

Lijue gari lako kabla ya kufunga betri

Magari yaliyotengenezwa kabla ya mwishoni mwa mwaka 1967 yana ethi chanya: waya wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Baada ya hapo ikaja altaneta, mashine ya kuchaji betri, na ethi ikawa hasi, kama magari mengine unayoyajua. Fundi umeme asiyejua hilo anafunga betri kwa mazoea, na altaneta inaungua papo hapo. Andika kwa rangi nyeupe karibu na betri: ETHI CHANYA au ETHI HASI. Betri zenyewe hazipo chini ya boneti. Ziko nyuma ya viti, chini ya mfuniko, na kwa miaka mingi zilikuwa mbili za volti 6 zilizounganishwa. Wengi sasa wameweka moja ya volti 12, na sioni ubaya wowote.

Angalia pia kama gari lako lina dainamo au altaneta, feni ya kuzungushwa na mkanda au zile za umeme za matoleo ya mwisho, na chujio la oili la kopo au la kufunga kwa mkono. Hayo yanabadilisha spea utakazoagiza.

Breki kabla ya injini

Gari lililokaa lisiwashwe kabla halijaweza kusimama. Mbele kuna diski, nyuma kuna madramu. Mafuta ya breki ya DOT 4 yanavuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halijatembea. Usiruhusu mtu aweke oili ya aina nyingine yoyote kwenye kikopo cha breki au klachi, maana mipira yote ya ndani itavimba na utaifumua moja baada ya nyingine.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi inayohitaji watu wawili. Anza na tairi lililo mbali zaidi na pampu kuu, malizia na lililo karibu. Mmoja anakanyaga taratibu na kushikilia, mwingine anafungua nipo ya kutolea upepo robo mzunguko, mpira umezama ndani ya chupa yenye mafuta ya breki, anafunga kabla mguu haujaachia. Jaza kikopo baada ya kila mikanyago mitano. Kikikauka mmeanza upya.

Mipira ya breki ya mbele ina ujanja wake. Kwa nje inaonekana nzima, lakini ndani imevimba hadi tundu limekuwa dogo. Ukikanyaga, presha inapita. Ukiachia, hairudi. Gari linavuta upande mmoja na rimu inakuwa ya moto. Wengi hufumua kalipa bila sababu. Fungua nipo ya tairi lililobana: likiachia mara moja, ubaya uko kwenye mpira. Badilisha yote mitatu kwa pamoja, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma.

Madramu ya nyuma yana kirekebishio cha pembe nne nyuma ya sahani. Kaza mpaka tairi lishike, kisha rudisha hadi lizunguke huru. Kikiwa kimeganda usitumie spana ya kawaida, kichwa kitaliwa. Loweka kwa mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha na utumie spana ya pembe nne inayokaa sawasawa.

Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi, na weka kabari kwenye matairi yaliyo chini.

Oili

Oili yake ni 20W-50, na kwa bahati njema hiyo ndiyo oili rahisi kuipata Dar. Injini inachukua takribani lita 4 na robo pamoja na chujio. Badilisha kila kilometa 5,000, au mara moja kwa mwaka kama unaliendesha wikiendi tu. Gia boksi ya spidi nne inatumia oili hiyohiyo ya injini, jambo linalowashangaza mafundi wengi, na difu inatumia EP90.

Kwenye chujio la kopo kuna mpira wa duara uliolala ndani ya mfereji. Ung'oe wa zamani kwa ncha ya sindano kabla ya kuweka mpya. Ukiuacha, mipira miwili inapandana, kopo halikai sawa, na oili inamwagika yote ndani ya dakika chache injini ikiwa inafanya kazi. Baada ya kufunga, toa plagi, piga stata mpaka geji ya presha ipande, ndipo urudishe plagi na kuwasha.

Injini ikiwa na joto na uko kwenye mwendo, geji isome kati ya psi 50 na 80. Ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, kati ya 10 na 25. Ikiwa chini ya hapo mara kwa mara, usiizibe kwa oili nzito. Pima kwa geji nyingine kwanza, kwa sababu geji za zamani hudanganya.

Kuitunia injini kwa mpangilio

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mpangilio ni huu: mgandamizo, valvu, plagi, pointi, taimingi, na kabureta mwisho. Kila hatua inategemea iliyotangulia. Ukirekebisha kabureta kwenye injini yenye valvu zilizobana, unarekebisha kosa ili lifanane na kosa jingine.

Mgandamizo kwanza. Injini ipate joto, toa plagi zote nne, mtu akanyage mafuta hadi mwisho, piga stata mizunguko kadhaa kwa kila silinda. Usihangaike sana na namba yenyewe. Angalia silinda zisipishane zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi ya hedi. Moja ikiwa chini, weka kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu.

Sasa valvu, na hapa nitakaa kidogo. Injini iwe baridi kabisa, kwa hiyo fanya asubuhi kabla hujaliwasha. Fungua kifuniko cha juu, nati mbili tu. Mbele yako kuna roka nane, vyuma vinavyozisukuma valvu. Zihesabu kuanzia upande wa rejeta, moja hadi nane. Plagi zikiwa nje, ingiza gia ya nne na usukume gari taratibu, injini itazunguka nalo. Kanuni ni jumla ya tisa: valvu ya nane ikiwa imefunguka mwisho, unapima ya kwanza. Ya pili ikifunguka, unapima ya saba. Ya tano ikifunguka, unapima ya nne. Utamaliza zote nane bila kukisia.

Nafasi inayotakiwa ni elfu 15 za inchi, yaani milimita 0.38, injini ikiwa baridi. Matoleo ya baadaye yana kipimo chake kitabuni. Ingiza fila geji (kibapa chembamba cha kupimia nafasi) kati ya roka na kichwa cha valvu. Ipite ikisugua kidogo, isikwame na isipwaye. Kama si sawa, shika skrubu kwa bisibisi, legeza nati ya kufungia kwa spana ya nusu inchi, rekebisha, kaza nati huku bisibisi haijatikisika, kisha pima tena. Kule kupima tena ndiko wengi wanakokuruka, na nati ikikazwa huvuta skrubu kidogo kila mara. Angalia pia uso wa roka: ukiwa umechimbika, fila geji inavuka juu ya shimo na kukupa kipimo cha uongo, na valvu itaendelea kugonga.

Sasa daftari. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi ile ilikuwa ikikinga siti za valvu za chuma laini kwenye hedi za zamani. Bila hiyo, valvu ya ekzosti hupigapiga siti yake na kuzama polepole, na inavyozama nafasi inapungua. Kwa hiyo ukiona kwenye daftari valvu fulani ya ekzosti inakuja na nafasi pungufu kila ukipima, wakati nyingine zimetulia, siti yake inaliwa. Hakuna haraka ya kufumua injini siku hiyo. Endelea kurekebisha, na hedi itakaposhushwa kwa sababu yoyote, mpe fundi wa mashine aweke siti ngumu za ekzosti. Mtu ambaye haandiki hawezi kujua haya mpaka valvu iungue.

Hedi ikirudishwa, nati zake hukazwa kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa kitabuni kutoka katikati kwenda nje, kwa hatua, hadi Nm 61 hadi 68. Ukikaza kwa kuhisi na mkono, gasketi haitadumu.

Plagi hazina mambo mengi: NGK BP6ES au inayolingana nayo, nafasi milimita 0.63. Soma rangi yake ukiitoa. Kahawia isiyokolea ni nzuri, nyeusi ya masizi ina mafuta mengi, nyeupe ina mafuta machache au taimingi imekosewa.

Pointi za disbuta ziwekwe kati ya milimita 0.35 na 0.40, kisigino kikiwa juu ya ncha ya kemu. Paka grisi kidogo sana, kama punje ya mchele, kwenye kemu. Nyuso za pointi zifute kwa karatasi safi, maana mpya mara nyingi huja na mafuta ya kuzuia kutu na gari linakataa kuwaka. Kwenye rota nina msimamo: nunua isiyo na ribiti. Rota nyingi za bei rahisi zina ribiti inayoruhusu moto kupenya hadi kwenye shafti, na gari linakata moto likipata joto, kisha linawaka likipoa. Kondensa nzima uliyo nayo usiitupe kwa sababu tu umenunua mpya. Iweke kwenye buti kama akiba.

Taimingi, yaani wakati moto unapotoka, unaweza kuianza kwa taa ndogo ya volti 12. Unganisha waya mmoja kwenye terminali ya disbuta, mwingine kwenye ethi, washa swichi. Zungusha injini kwa mkono hadi alama ya kitabuni, ambayo kwa injini nyingi za mwanzo ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Zungusha disbuta polepole. Taa inapowaka, pointi zimefunguka, na hapo ndipo pa kukazia. Mpangilio wa moto ni 1, 3, 4, 2. Kisha endesha ukipanda kilima na gia ya juu. Ukisikia mlio mwembamba wa kugonga, chelewesha digrii moja au mbili kwa kuisogeza disbuta kidogo upande uleule ambao rota inazungukia.

Ndipo kabureta. Magari mengi yana kabureta mbili za chapa ya SU. Fungua kofia nyeusi ya juu na uhakikishe kuna oili nyepesi ndani, maana bila hiyo gari linasita ukikanyaga ghafla. Toa chujio za hewa. Chukua mpira mwembamba, weka ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta, na usawazishe skrubu za kasi mpaka mvumo ufanane. Kwa mchanganyiko, inua pistoni ya kabureta chini ya milimita moja kwa pini yake ya chini. Injini ikipanda kasi na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ikitaka kuzima, ni machache. Ikipanda kidogo na kutulia, acha. Nati ya chini ya jeti ikipandishwa inapunguza mafuta, ikishushwa inaongeza, na usizungushe zaidi ya upande mmoja wa nati kwa mara moja.

Utaambiwa, "Bosi, hizi SU zimechoka, tutoe tufunge moja ya Toyota, utasahau." Mjibu kwa upole: "Fundi, tuanze na valvu na pointi, zikiwa sawa ndipo tuzungumze kabureta." Kinachochoka kweli kwenye SU ni shafti ya kipepeo (kisahani kinachofungua hewa), ambayo ikilegea inavuta hewa, na hiyo fundi mzuri wa mashine anaweza kuiwekea bushi.

Pampu ya mafuta ya umeme iko nyuma, na kwa magari mengi iko chini upande wa kulia karibu na ekseli. Isikilize. Ukiwasha swichi inapiga tik-tik haraka, kisha inatulia. Isiponyamaza kabisa, inavuta hewa au tenki ni tupu. Ikiendelea kupiga moja moja injini ikiwa imezimwa, nidili ya kabureta haizibi. Ikinyamaza kabisa barabarani, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka, itakufikisha nyumbani, na kesho yake safisha pointi zake. Kizima moto kikae mahali mkono wa dereva unafika.

Joto la foleni

Saa 11 jioni pale Mwenge, mwezi wa Februari, gari limesimama dakika 20, hakuna upepo unaopita kwenye rejeta zaidi ya ule wa feni. Hapo ndipo gari linapochemsha, na mara nyingi kosa lilikuwapo tangu asubuhi.

Weka themostati ya nyuzi 74, ile iliyokusudiwa nchi za joto. Wengine huitoa kabisa, nami sikubaliani nao: maji yanapita haraka bila kudhibitiwa na injini haipati joto lake sahihi wakati wa asubuhi. Ipime kwenye sufuria ya maji na kipimajoto kabla ya kuifunga. Mkanda wa feni ubonyee kama milimita 13 kwenye sehemu yake ndefu. Kifuniko cha rejeta kiwe cha presha ya kitabuni. Usikifungue injini ikiwa ya moto.

Rejeta ya MGB ni ya shaba na inafunguliwa. Hii ni neema, kwa sababu mafundi wa rejeta mjini bado wanaweza kuvua tangi la juu, kupitisha chuma kwenye kila mrija na kuchomelea tena kwa risasi. Ukitoa rejeta, fungua pia koki ya kumwagia maji ubavuni mwa bloku. Mara nyingi haitatoa hata tone, kwa kuwa tope la kutu la miaka mingi limejaa nyuma yake. Lichokoe kwa waya na usukume maji kwa mpira mpaka yatoke meupe. Rejeta mpya mbele ya bloku lenye tope haitakusaidia.

Usijaze maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Tumia maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri yasiyo na asidi, pamoja na kulanti ya kuzuia kutu kwa nusu kwa nusu.

Kama yote haya ni sawa na bado linachemsha, rudi kwenye taimingi. Moto uliochelewa unapasha injini joto kuliko wengi wanavyodhani.

Umeme

Sifa mbaya ya umeme wa Lucas inatokana zaidi na viunganishi kuliko na vifaa vyenyewe. Nyaya zimeunganishwa kwa vichwa vyenye umbo la risasi ya bunduki vilivyoingizwa kwenye mikono ya chuma, na chumvi ya hapa inavila. Fungua kiunganishi kimoja kimoja, sugua kwa msasa laini, paka grisi ya umeme, rudisha. Fanya hivyo pia kwenye boksi la fyuzi na kwenye waya mnene wa ethi. Waya huo ukilegea, stata inavuta ethi kupitia kebo ya akselereta au ya choki, na utaona moshi mahali usipopategemea.

Rangi za nyaya zina maana moja gari zima. Kahawia ina moto muda wote kutoka kwenye betri. Nyeupe inapata moto swichi ikiwashwa. Kijani ni ya swichi iliyopita kwenye fyuzi, zambarau ni ya moto wa muda wote uliopita kwenye fyuzi, bluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ethi. Fundi akiongeza waya, atumie rangi hizohizo. Waya mwekundu uliofungwa kwenye honi utamsumbua mwingine baada ya miaka kumi.

Kingipini na matairi ya nyaya

Kila upande wa mbele una nipo tatu za grisi. Inua gari kwanza ili uzito utoke kwenye kingipini (mhimili ambao tairi la mbele hugeukia), kisha piga grisi mpaka ile chafu itoke na safi ifuate. Kitabu kinasema kila kilometa 5,000. Kwa anayepita kwenye maji ya Jangwani au vumbi la barabara za ndani, mimi nasema kila 2,000, na siku hiyohiyo baada ya kuvuka maji mengi. Shokapu za mkono zina oili ndani. Futa vumbi kabla ya kufungua kizibo, kwa sababu chembe moja ya mchanga inaharibu vali.

Kwenye rimu za nyaya, nati ya katikati hukazwa kwa kuipiga kuelekea nyuma ya gari na kufunguliwa kuelekea mbele, pande zote mbili. Tumia nyundo ya shaba. Meno ya habu yapakwe grisi kila tairi likitolewa.

Kutu

Injini hata ikifa inafufuliwa. Bodi ya MGB haina chesisi ya kujitegemea. Nguvu yake iko kwenye vizingiti vya milango, ambavyo ndani yake kuna tabaka zaidi ya moja la chuma. Vikila kutu, gari linakunjika katikati, na kwa lile lisilo na paa hakuna kitu kingine cha kulishikilia.

Pima hivi. Fungua mlango, tazama nafasi kati yake na nguzo ya nyuma, kisha inua gari kwa jeki kwenye sehemu yake ya kuinulia. Nafasi ikipungua au mlango ukigoma kufunga, vizingiti vimekwisha hata kama rangi inang'aa. Chunguza pia sakafu chini ya mazulia, masanduku ya betri, sehemu ya chini ya mabawa ya mbele na kona iliyo nyuma ya mlango. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza, na palipozibwa na puti pana sauti ya ukuta.

Ukitengeneza vizingiti, chomelea kwanza bomba la chuma kuvuka uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, gari likiwa limekaa sawa. Toa tenki la mafuta. Tenganisha betri na altaneta. Kata na kubadilisha upande mmoja, pima milango, ndipo uhamie mwingine. Atakayekuambia atafunika kwa bati jipya juu ya bovu, usimwachie funguo. Kazi ikiisha, pulizia nta ndani ya vizingiti kupitia matundu yake na uhakikishe matundu ya kutolea maji yako wazi.

Ukitoka Coco Beach au Kigamboni, liogeshe kwa maji baridi, hasa chini, siku hiyohiyo. Wakati wa masika usilifunike kwa turubai la plastiki. Linazuia mvua, lakini unyevu wote unabaki ndani. Banda lenye upepo ni bora. Na liendeshe kila wiki, angalau nusu saa, Jumapili asubuhi barabara zikiwa tupu.

Spea: nini Gerezani, nini Uingereza

Kariakoo na Gerezani utapata oili, mikanda, klipu, balbu, mipira ya maji ya kukatwa kwa kipimo, na mafundi wa kuchonga bushi au kutoa bolti iliyovunjikia ndani. Beba kifaa chenyewe mkononi, picha ya simu haitoshi. Beringi nyingi zina namba ubavuni na zinapatikana kwa namba hiyo.

Gasketi za hedi, kingipini, seti za pampu kuu ya breki, pointi, rota, jeti na nidili za SU agiza Uingereza, ambako maduka ya spea za MGB bado ni mengi. Agiza kwa mkupuo mmoja badala ya vipande, kwa sababu nauli na taratibu za forodha zinakuchosha vilevile kwa kifurushi kidogo na kikubwa. Orodha ya kwanza ya mtu anayeanza iwe hii: pointi seti mbili, rota mbili, mipira mitatu ya breki, seti ya pampu kuu, gasketi ya kifuniko cha valvu, themostati ya nyuzi 74, na kisanduku cha bolti za 5/16 na 1/4 za nyuzi za inchi. Vikifika, vifungie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na grisi kidogo kwenye kila chuma, maana kutu ya Dar inaanzia hata kabatini.